Goaskin Katika Ramani ya Rávdná

Rávdná, binti wa kaka yangu Issát, anasoma ardhi akiwa amekaa kwenye kiti. Ndiyo kazi yake. Anachora ramani ya mimea ya tundra yetu yote, kuanzia misitu inapokomea mpaka bahari ya kaskazini, kwa picha zinazopigwa na setilaiti. Huko kusini akisimama kwenye mkutano wanampigia makofi. Huku kwetu anakuja kwa mazishi tu, anakaa karibu na mlango, na kahawa akimiminiwa anaiacha ipoe. Watu wanasema alimuuza baba yake. Mimi Gáddjá, shangazi yake, nimechoka kusikia habari hiyo ikisimuliwa kombo, kwa hiyo nitaisimulia mwenyewe.

Mama yake alifariki mtoto hajaanza kutembea. Nusu ya malezi nilifanya mimi, na nusu nyingine walifanya kulungu, hawa wa nchi ya theluji tunaowafuga. Alikuwa mtoto wa maswali. Akiona kulungu wanachimba theluji anauliza wanatafuta nini, na baba yake hajibu, anainama naye anachimba, anamwekea kiganjani kipande cha jeagil. Jeagil ndiyo inayotuweka hai. Si nyasi wala si ukoga, ni kitu kikavu, cheupe, kinachotanda chini kama sufi iliyomwagika, na kwa mwaka mzima hakirefuki hata upana wa ukucha. Kulungu wakikila kikaisha, unasubiri umri wa mtu kirudi.

Kwetu mtoto hafundishwi kwa mdomo. Baba anakwenda, mtoto anafuata nyuma, na siku moja mtoto anajua. Shida ni kwamba Rávdná alikuwa na akili ya darasani, na miaka ambayo angemfuata baba yake ndiyo miaka aliyokuwa bweni mjini, na baada ya mji, chuo kikuu cha kusini. Kaka yangu hakulalamika. Nilipomwambia, "Utamkosa huyu," alinijibu, "Nitamkosa vipi na kila likizo yuko hapa anakula nyama yangu?"

Alirudi na shahada na kompyuta nene kama ubao wa kukatia nyama. Tume ya malisho ikampa kazi ya ramani. Siku hizo malisho yalikuwa yanapungua kila upande. Barabara ya mgodi ilikuwa imekata ardhi ya majirani zetu wa mashariki, watu wa mzee Heaika, na kulungu wao wakawa hawana pa kukaa wakati wa baridi. Tume ilitaka kujua jeagil iko wapi, nene kiasi gani, na nani anaitumia, ili igawe upya. Huo ndio uliokuwa mzigo wa Rávdná. Na aliupenda. Nani asingeupenda? Mtu wa kwetu, anachora nchi ya kwetu, tena analipwa.

Nilimsindikiza kiangazi kimoja niwe mpishi. Alinionyesha picha kwenye kompyuta, nchi yetu kutoka juu, nami nikaona madoa tu, kama shati la mchinjaji. Akanifundisha. Kila mmea unarudisha mwanga wa jua kwa namna yake, na mwanga mwingine jicho letu halioni lakini setilaiti inauona. Vichaka vya mbetula vinaonekana hivi, majimaji hivi, na jeagil inang'aa. Kisha anaweka tabaka juu ya tabaka: picha, mito, miinuko, na nyayo za kulungu wenye kola shingoni, zile kola zinazotuma habari mnyama yuko wapi. Ukiyatazama yote pamoja unaona nchi kama mungu anavyoiona, nikamwambia hivyo, naye akacheka.

"Mungu hana shida ya mawingu, shangazi. Mimi kiangazi kizima napata siku chache za anga safi."

"Na mbu? Mungu anaumwa na mbu?"

"Shika hapo, usisogee."

Maana picha peke yake haitoshi, lazima ukahakikishe kwa miguu. Alikuwa na fremu ya mbao, anailaza chini, anaandika ndani yake kuna jeagil kiasi gani, mawe kiasi gani, kichaka kiasi gani. Mimi niliyezaa wanne na kuzika mume nikawa mti wa kushikia kamba ya vipimo. Nilimtukana siku nzima na nilifurahi siku nzima. Huo ulikuwa wakati mzuri, na nikiukumbuka sasa roho inaniuma.

Sasa niwaambie kuhusu Goaskin. Ni mlima wenye mgongo mpana, ng'ambo ya kijito ambapo kundi letu hugeuzwa. Hugeuzwa hapo kila mwaka. Mbwa wenyewe wanajua. Wakifika kijito wanakwenda mbele ya kulungu na kuwarudisha bila kuambiwa. Hakuna aliyetueleza sababu, lakini mimi naijua kwa sababu niliiona. Nilikuwa msichana, Issát akiwa anaota ndevu. Baridi ile mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, na nchi nzima ikawa kioo. Kulungu walikuwa wanakwaruza barafu mpaka kwato zinatoka damu, na chini yake wanaiona jeagil wasiweze kuifikia. Ndipo baba yetu akawavusha kijito. Kule juu upepo haulazi theluji, na barafu haikushika. Jeagil ilikuwa nene mpaka mguu unazama. Majirani walipoteza karibu mifugo yote, sisi tulibaki nayo. Theluji ilipoyeyuka baba akaufunga mlima, na toka siku hiyo hakuna mnyama wetu aliyetia mdomo kule. Akiba haiozi.

Na akiba haitajwi. Hilo mtu wa nje anaweza asielewe. Kwetu kumuuliza mfugaji ana kulungu wangapi ni utovu wa adabu, kama kumuuliza ana fedha ngapi benki. Mwenye wachache atasema wapo wapo, na mwenye wengi atasema hivyo hivyo. Malisho nayo ni vivyo hivyo. Mahali pazuri mtu hapasifu mbele za watu, anapaponda. Ukipasifu umepatoa.

Mkutano wa ramani ulifanyika ukumbini kabla ya theluji kuanza. Nilipika mchuzi wa nyama, nikachemsha kahawa kwenye birika kubwa. Rávdná akaimulika ramani ukutani kwa mashine yake, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Watu wazima walisimama kwenye viti kutafuta mahali walipozaliwa.

"Hii rangi ya maziwa ndiyo nini?" aliuliza mmoja.

"Hiyo jeagil, mzee. Ikiwa nyeupe zaidi ujue ni nene zaidi."

"Basi kwetu kumekuwa kweusi kama sufuria ya Gáddjá!"

"Sufuria hiyo hiyo umeilia miaka yote," nikamwambia, "na hujafa, bahati mbaya."

Tulicheka. Mzee Heaika hakucheka, yeye alikuwa ameshaona. Palikuwa na doa moja jeupe kuliko yote ukutani, na kila mtu wa umri wetu alijua ni wapi. Rávdná akalielekezea mwanga wa kalamu yake.

"Hapa Goaskin pananishangaza," alisema. "Jeagil nene kuliko kote, halafu kola hazionyeshi mnyama hata mmoja aliyepita. Baba, mnapatumia?"

Issát alikoroga kahawa yake, na Issát hatii sukari.

"Kule? Kule mawe tu," alisema. "Hatuendi."

"Hamuendi kabisa?"

"Hatuendi."

Rávdná akaandika. Wazee wakatazama sakafu, mmoja akakohoa, na habari ikahamia mahali pengine. Sote tulielewa alichosema kaka yangu. Ukuta unaonyesha maziwa, mwenye nyumba anasema mawe. Maana yake, jamani, hicho ni changu, fumbeni macho. Hata mtoto wa kunyonya wa kwetu angeelewa. Hivyo haikutupitia akilini kwamba mtu mmoja mle ndani hakuelewa, na kwamba mtu huyo ndiye aliyeshika kalamu.

Nimemfikiria sana Rávdná na kile alichosikia. Aliuliza swali wazi, kama walivyomfundisha, kwa mwenye ardhi mwenyewe, mbele ya mashahidi. Mwenye ardhi akajibu. Kola zikasema vilevile. Mawe na jeagil hukaa pamoja, kwa hiyo jibu la baba yake halikupingana na picha. Angefanya nini, amwite baba yake mwongo? Kwenye ramani, pale palipotaka kujua mtumiaji ni nani, aliandika kwamba hakuna.

Tume haikukawia. Malisho mazuri yasiyo na mtu, na watu wa mashariki wasio na malisho: hesabu hiyo hata mimi naiweza. Wakampa Heaika Goaskin kwa majira yote ya baridi. Heaika simlaumu sana, ingawa nikikutana naye dukani nageuza shingo. Kundi lake lilikuwa linakufa. Lakini alijua, tena alijua vizuri, na nilipomkabili alinijibu, "Issát alisema mwenyewe, mbele yenu wote. Mlitaka nimbishie mtu juu ya ardhi yake?" Mjanja huyo.

Nilikwenda kwa kaka yangu na hasira zangu. Alikuwa anachonga mpini wa kisu.

"Binti yako amekuuza," nikamwambia.

"Usimseme mwanangu hivyo."

"Nimseme vipi? Amekuvua nguo ukutani, kijiji kizima kinaona, ili wale wa kusini wamwone hana upendeleo!"

"Gáddjá. Kaa unywe kahawa."

"Sitaki kahawa! Inuka uende kwenye tume, useme Goaskin ni yako!"

"Niseme nini? Nimesema mawe, wameandika mawe. Niende niseme nilidanganya?"

"Ndiyo! Watu wote wanajua ulidanganya!"

"Wanajua," alisema, "lakini sijasema." Akaendelea kuchonga.

Mficha uchi hazai, wamesema waliotutangulia, na kaka yangu aliuficha wake mpaka mwisho. Hakumpigia simu binti yake. Mimi nami nilikuwa nimenuna, nikasema huyo akija kwangu nitamwonyesha mlango. Kijiji kizima kilinuna. Rávdná alipokuja mwisho wa mwaka alikuta watu wanamjibu kwa neno moja moja, akadhani ni wivu wa wasiosoma, akarudi mjini mapema. Heaika akapeleka kundi lake Goaskin baridi ya kwanza, na ya pili.

Baridi ya tatu mvua ikanyesha.

Ilikuwa katikati ya kipindi kile ambacho jua halichomozi. Nilisikia matone kwenye paa nikiwa nasuka mkanda, nikaweka chini uzi. Kesho yake baridi ikarudi kwa ghadhabu, na barabarani watu walikuwa wanatembea wameshikana. Nikajua kulungu wa Issát wanakwaruza kioo.

Siku chache baadaye simu ililia. Rávdná. Miezi alikuwa hajanipigia, na nilipokea ili tu nimseme.

"Shangazi, samahani kukusumbua. Natazama kola za baba. Ameondoka malishoni, anapeleka kundi kaskazini. Anakwenda wapi?"

"Si unatazama wewe? Wewe ndiye mwenye macho ya juu."

"Wanaelekea Goaskin." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa, basi. "Baba anafuata nini Goaskin? Si alisema hawaendi kule?"

Nikakaa chini. Hasira yote ya miaka ile ikanitoka mwilini kama maji, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira.

"Mwanangu," nikamwambia, "mwaka kama huu angekwenda wapi kwingine?"

Kule aliko, mbele yake kwenye kioo, nukta za baba yake zilikuwa zinatambaa kuelekea mlimani. Alianza kunisomea, kwa sauti ndogo, kama anayesoma habari za msiba. Wamefika kijito. Wamesimama. Bado wamesimama. Kundi la Heaika lilikuwa juu, limekula na kukanyaga kwa miaka miwili, na sasa lilikuwa linamalizia. Baba yake angeona hayo kutoka ng'ambo bila kuvuka.

"Wanageuka," alisema Rávdná. "Shangazi, anawageuza."

Mengine yanajulikana. Rávdná alikwenda kwenye tume akadai ramani ibadilishwe, wakamwuliza ana ushahidi gani, naye ushahidi wote aliukusanya mwenyewe na wote ulikuwa upande wa pili. Kiangazi kilichofuata picha mpya ilipopigwa, doa jeupe halikuwepo. Kaka yangu aliwauza kulungu waliobaki hai kwa binamu yetu, na sasa anaishi kwenye nyumba ya kijijini yenye madirisha yanayotazama duka. Anaamka saa zile zile alizokuwa anaamka, anavaa, halafu hana pa kwenda.

Lakini kuna maneno ambayo hakuna aliyeyasikia ila mimi, na ndiyo yanayonifanya niseme.

Siku mbili baada ya ile simu Rávdná alifika na gari, akanipitia, barabara ilipoishia tukaacha gari, tukaenda kwa pikipiki ya theluji mpaka kwenye zizi ambako Issát alikuwa analisha kundi kwa chakula cha magunia. Kulungu aliyezoea jeagil ukimpa chakula hicho akiwa ameshakonda, tumbo linamgeuka. Walikuwa wamelala huku na huku, wengine wakitazama tu. Issát alikuwa anapita katikati yao na ndoo. Alipotuona aliweka ndoo chini, akamwangalia binti yake viatu, akauliza kama miguu yake haijapata baridi.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Nini?"

"Goaskin. Kwamba ni akiba. Ningepaacha. Ningesema mnatumia, ningeandika jina lako kwa herufi kubwa! Ungenipigia simu tu. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Issát. "Pale ukumbini."

"Ulisema mawe tu!"

"Ndiyo."

Akamtazama akingoja aelewe, kama alivyokuwa akimngoja zamani alipokuwa mdogo. Kisha nikaona uso wa kaka yangu unabadilika, pole pole, maana na yeye alikuwa ndiyo kwanza anaelewa.

"Hukusikia?" alimwuliza.

Rávdná alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameganda kwenye kope.

"Ramani ilipotoka nilisema wakubwa wako wamekulazimisha," alisema Issát. "Sikukuwazia vibaya hata siku moja. Ile siku ya mkutano nilikuona ukiuliza, nikasema kimoyomoyo, huyu ana akili, ananiuliza mbele yao ili niseme mawe, apate la kuandika. Ukainama ukaandika. Nikasema, haya, hata shule haijamchukua. Ni wa kwetu."

Aliokota ndoo yake akaenda kwa mnyama aliyekuwa bado anainua kichwa. Rávdná alibaki amesimama pale pale. Tulipofika kwangu alizima gari, mikono bado iko kwenye usukani. Aliniambia angeweza kubeba laana ya kijiji kizima, angeweza hata kubeba wale wanyama. Asichoweza kubeba ni kwamba siku ile, mbele ya watu wote, alipokuwa anaandika, baba yake alikuwa anamwonea fahari.